Maji ya Goreangab

Kila nilipokuja likizo Dodoma miaka ile ya tisini, ndugu zangu walikuwa na swali lilelile: eti ni kweli huko unakofanya kazi watu wanakunywa maji ya chooni? Nilijibu kwamba ni kweli, na kwamba mimi ni mmoja wa wanaoyapima kabla hayajanywewa. Mama mdogo alisonya. Wajomba walicheka wakidhani natania. Sikuendelea, maana jambo lenyewe halielezeki kwa sentensi mbili, na watu wa nyumbani walikuwa wanasubiri habari za watoto, na zawadi.

Leo nimestaafu, muda wa kueleza ninao, na Dodoma imeacha kuwa mji mdogo wa reli na zabibu. Wizara zimehamia, nyumba zinapanda vilima, na sehemu kubwa ya maji bado inatoka kwenye visima vya Mzakwe. Kila kiangazi hukosi kusikia mtu akisema tufanye kama Windhoek, tusafishe majitaka tuyanywe. Nikiwasikiliza vizuri nagundua kwamba wanachokiwazia ni mtambo: ujenge, uwashe, unywe. Mimi niliuona mtambo huo kwa karibu, na naweza kusema kwamba haukuwa ndio siri.

Tulihamia Namibia mwaka 1995. Mume wangu alikuwa amepata mkataba wa kufundisha hisabati katika shule ya sekondari huko Katutura, Windhoek, nami nilikuwa fundi sanifu wa maabara niliyezoea kupima maji ya visima. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka mitano tu na watu wenye ujuzi walitafutwa. Nikaajiriwa katika maabara ya manispaa, Gammams, palepale penye mtambo wa kusafisha majitaka ya mji.

Windhoek iko juu, kama mita 1,650 kutoka usawa wa bahari, imezungukwa na milima mikavu. Kwa mwaka hupata mvua ya milimita 360 hivi, wakati sisi Dodoma hupata kama 570 na bado tunalia. Jua la huko lina uwezo wa kuvukiza maji mara tisa ya mvua inayonyesha. Mito yenye maji mwaka mzima iko mipakani tu: Kunene, Okavango na Zambezi kaskazini, Orange kusini, yote mamia ya kilomita kutoka mjini. Mito ya ndani ni makorongo ya mchanga. Mgogo hahitaji kufundishwa korongo ni nini. Tofauti ni kwamba kwetu ukifukua mchanga unapata ndoo chache za kunywesha ng'ombe, na pale walikuwa na mji mkuu mzima wa kunywesha.

Walianza na visima. Mwaka 1958 wakajenga bwawa la Goreangab, kaskazini-magharibi ya mji, na mtambo wa kawaida wa kusafisha maji yake. Halikutosha. Wakati huo wataalamu wa baraza la utafiti la Pretoria, wakiongozwa na Gerrit Stander, walikuwa wakifanya majaribio ya kurudisha majitaka kuwa maji ya kunywa, na mwenzao Lucas van Vuuren ndiye aliyeshughulika zaidi na namna ya kufanya hivyo. Mwaka 1968 mtambo wa Goreangab ukageuzwa ili upokee pia maji yaliyokwisha kusafishwa Gammams. Uliweza kutoa mita za ujazo 4,800 kwa siku. Hapakuwa na mji mwingine duniani uliokuwa ukifanya hivyo, yaani kuyatoa maji kwenye choo cha mkazi na kuyarudisha kwenye bomba lake bila kuyapitisha kwanza mtoni, ziwani au ardhini.

Wazungumzaji wa mikutano hupenda kusema kwamba wakazi wa Windhoek waliyakubali maji hayo. Nilikaa nao, na sitasema hivyo. Mwaka 1968 Namibia ilikuwa chini ya Makaburu. Weusi walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka mtaa wao wa zamani na kupelekwa Katutura, na tarehe 10 Desemba 1959 walipopinga walipigwa risasi. Serikali ya namna hiyo haikuwauliza watu wanataka kunywa nini. Mwaka 2006 wakazi wa mji wa Toowoomba, Australia, waliulizwa kwa kura kuhusu kunywa majitaka yaliyosafishwa, na asilimia 62 wakakataa. Sidhani kwamba watu wa Windhoek ni jasiri kuliko wa Toowoomba. Waliwekewa bomba, wakafungua, wakanywa. Imani ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu miaka ilipita na watu hawakuugua.

Na hilo la kutougua lilichunguzwa, halikuachiwa maneno ya mtaani. Daktari Margaretha Isaäcson na mwenzake walifuatilia maradhi ya kuhara mjini humo kuanzia 1974 hadi 1983, na mwaka 1988 wakachapisha matokeo. Waliona kwamba kuhara kulifuata hali ya maisha ya watu, hakukufuata chanzo cha maji waliyokunywa. Sijasahau siku niliyosoma makala ile maabara, wakati wa mapumziko ya chai. Chai yenyewe ilikuwa ya maji hayohayo.

Sasa nieleze kazi ilivyokuwa, maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Majitaka ya nyumbani ni maji kwa zaidi ya asilimia 99. Kinachobaki ni kidogo kwa uzito, lakini ndicho chenye maradhi, harufu na chumvi. Gammams iliyapokea maji hayo na kuyaachia bakteria wayale uchafu, kisha yakapumzishwa mabwawani juani, ndipo yakaenda Goreangab. Pale yalitiwa dawa ya kugandisha chembechembe, yakapulizwa vipovu vya hewa vilivyoinua tope na mwani juu ili vikwanguliwe, yakashushwa kwenye machujio ya mchanga, yakatiwa klorini, yakapitishwa kwenye kaboni ya makaa na kutiwa klorini tena. Mwisho yalichanganywa na maji ya mabwawa na visima kabla ya kwenda mjini. Bomba la mwananchi halikupata kamwe maji ya Goreangab peke yake.

Kila asubuhi chupa za sampuli zilipangwa mezani kwa mfuatano wa safari hiyo. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu na ulitamani kuifunga upesi. Ya katikati ilikuwa na ukijani wa mwani. Baada ya mchanga ilikuwa angavu yenye umanjano hafifu, ambao huuoni mpaka uweke karatasi nyeupe nyuma yake. Baada ya kaboni umanjano ulikuwa umetoka. Mgeni angeishia hapo akapiga picha. Sisi kazi yetu ilianzia hapo, maana yanayodhuru zaidi katika maji hayana rangi.

Kulikuwa na kipimo kimoja nilichokipenda. Tulifuga dafnia, wadudu wa majini wadogo kama punje ya ulezi, kwenye matangi ya kioo karibu na dirisha. Unachukua glasi za maji ya sampuli, kila moja unaitia dafnia idadi ileile, unaziweka penye joto lisilobadilika, kesho yake unahesabu wanaoruka na waliolala chini. Ukiwaweka chini ya hadubini unauona moyo ukipiga ndani ya mwili usio na rangi. Mashine hupima kile tu ulichoiambia ipime. Dafnia hufa kwa kitu ambacho hata hukukifikiria. Wakilala, simu inapigwa.

Ila hao wadudu walikuwa kizuizi cha mwisho. Cha kwanza kilikuwa mbali na maabara, chini ya barabara za eneo la viwanda la kaskazini. Machinjio, kiwanda cha bia, kiwanda cha ngozi: majitaka yao yalikuwa na bomba lao, yakaelekezwa kwenye mabwawa ya Ujams upande mwingine kabisa, yasikutane na majitaka ya nyumbani. Uamuzi huo ulikuwa na umri sawa na mradi wenyewe. Kromiamu ya kusindikia ngozi ikiingia Gammams inaweza kuwaua bakteria wanaofanya kazi, na baadhi ya kemikali za viwandani hupita kwenye mchanga na klorini bila kuguswa. Kwa hiyo watu wa manispaa walifikiri kwa namna ambayo mimi, niliyetoka kwenye visima, sikuwa nimeizoea: usafi wa maji ya kunywa unaanza kwenye shimo la karo la mtu. Wakaguzi wa manispaa walizunguka na chupa, wakifungua chemba za karakana na maduka ya kufulia nguo. Hawakupendwa. Walipita hata hivyo.

Kizuizi cha pili kilikuwa mtu. Zamu ya usiku Goreangab ilikuwa na fundi mmoja mtu mzima ambaye sote tulimwita Tate, kama wanavyomwita baba kwa Kiovambo. Siku ya kwanza aliposikia natoka Dodoma aliniangalia kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, chenye lafudhi ya kwetu: "Dodoma ipi, ndugu? Ile ya Kongwa?" Alikuwa ametoroka nchini kijana, akafika Dar es Salaam, na kutoka hapo chama cha ukombozi cha SWAPO kikampeleka kambini Kongwa katikati ya miaka ya sitini, kwenye mabaki ya ule mradi wa karanga ulioshindwa wa Waingereza. Alikumbuka vumbi. Alikumbuka ugali wa mtama, na wanawake wa Kigogo waliowaonyesha mahali pa kufukua mchanga. Alirudi kwao mwaka 1989 pamoja na maelfu ya wakimbizi wengine chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, akakuta mji unakunywa maji yake mara mbili. Aliniambia kwamba mwanzo alitema. "Nilidhani ni ujanja wa Kaburu. Kisha nikaomba kazi humohumo, nikaone kwa macho yangu."

Mwaka 1996 mvua zilikuwa haba. Mabwawa makubwa yanayoilisha Windhoek, yaani Von Bach, Swakoppoort na Omatako, yalipungua hadi magazeti yakawa yanaandika asilimia zake kama matokeo ya mpira. Bei ya maji ilikuwa ya ngazi, kila unavyotumia zaidi ndivyo uniti inavyopanda, na wenye mabustani waliumia hasa. Kumwagilia kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni kulikatazwa. Mabwawa ya kuogelea yalitakiwa kufunikwa. Viwanja vya michezo na bustani za umma zilikuwa na mtandao wao wa mabomba tangu 1993, wenye maji yaliyosafishwa nusu tu, jambo ambalo hata mtu wa kusonya kama mama mdogo angelikubali: kwa nini nyasi zinyweshwe maji ya kunywa? Mtambo wetu mkongwe uliongezwa uwezo mwaka 1997 hadi kama mita za ujazo 7,500 kwa siku, na kila lita yake ilikuwa inasubiriwa.

Ni katika majira hayo, Julai, ambapo Windhoek usiku ni baridi ya kukata masikio, Tate alipopiga simu nyumbani. Amonia kwenye maji yanayoingia ilikuwa imepanda. Baridi huwalegeza bakteria wanaoigeuza amonia, na hilo si kosa la mtu. Lakini kila miligramu ya amonia hudai miligramu nane au zaidi za klorini kabla klorini haijaanza kuua vijidudu, na mtambo ule wa zamani ulitegemea sana hatua hiyo. Nilipofika nilikuta amekwisha kufunga valvu ya kwenda mjini. Maji yalikuwa yanazungushwa ndani kwa ndani. Nikachukua sampuli, nikapima, amonia ilikuwa juu kweli, ingawa kwa hesabu zangu tungeweza kuongeza klorini na kuendelea kwa shida. Nikamuuliza kama amempigia mkubwa wa zamu kuomba ruhusa. Alikuwa anajimiminia kahawa kutoka kwenye chupa.

"Ndugu, kufungua ndiko kunahitaji ruhusa," akasema. "Kufunga, hapana."

Mji ulikuwa na kiu, wakubwa walikuwa wakisukumwa na wanasiasa, na mtu wa zamu mwenye mshahara wa kawaida alikuwa amekata mamia ya mita za ujazo kwa shaka tu. Asubuhi mhandisi alikuja, akasoma daftari, akaweka saini, akauliza ilianza kupanda saa ngapi. Basi. Hapakuwa na barua ya kujieleza. Nimefanya kazi mahali pengine, sitapataja, ambapo mtu wa pampu aliyefunga bila kuuliza angepata barua hiyo kabla ya chai ya saa nne, na kwa sababu hiyo hakuna aliyefunga. Nikiulizwa Windhoek ilikuwa na nini ambacho sisi hatukuwa nacho, sitaji kwanza kaboni. Nataja daftari lile na saini ile.

Wageni waliokuja kuuona mtambo walikuwa wengi. Walitembezwa, wakaonyeshwa mashine, mwishoni wakakaribishwa glasi. Uso wa mtu mbele ya glasi hiyo unasema mengi. Wazungu walikunywa haraka wakitazama kamera. Ujumbe mmoja kutoka Afrika Mashariki, wa wakubwa wa mambo ya maji, ulisifu kila hatua kwa maneno mazuri. Ilipofika glasi, kiongozi wao akakumbuka ghafla kwamba amefunga. Ilikuwa adhuhuri, na asubuhi nilimwona mwenyewe akila soseji hotelini. Wa mwisho mstarini alikuwa dereva wao, naye akanywa glasi yake, akaomba na ya bosi.

Kitu ambacho wageni hawakuonyeshwa kilikuwa nje ya uzio. Baada ya uhuru watu walishuka kutoka kaskazini kutafuta kazi, wakajenga vibanda vya mabati kwenye miteremko ya juu ya bwawa la Goreangab. Mtaa wenyewe uliitwa kwa jina la bwawa. Vibanda havikuwa na vyoo vya maji wala bomba la majitaka. Watu walikwenda korongoni, na mvua ya kwanza ilisomba kila kitu hadi bwawani. Tukafika mahali ambapo sampuli ya bwawa, maji ya mvua, ilikuwa mbaya kuliko sampuli iliyotoka Gammams. Nilipima zote mbili kwa mkono wangu na matokeo hayakunishangaza, maana nilikuwa nikipita pale kila siku kwenda kazini. Wanawake walipanga foleni kwenye bomba la pamoja na madumu, kwa matembezi mafupi tu kutoka mahali ambapo mji ulikuwa unatumia kemikali za gharama kurudisha maji ya mabafu ya mtaa wa kitajiri wa Klein Windhoek.

Mmoja wao aliniuliza, baada ya kujua ninafanya kazi wapi, kama maji yake pia yanarudi. Nikamjibu hapana. Ya kwake yalikuwa yanamwagwa mlangoni na kukauka. Hili nataka wenzangu wa Dodoma walishike: huwezi kurudisha maji ya mtu ambaye hukumpa bomba la kuyatolea. Mtambo unakusanya kwa waliounganishwa na unawagawia waliounganishwa, na mji ukiwa na mabomba upande mmoja tu, kuchakata maji huko kunakuwa njia ya upande huo kujitosheleza. Kwa miaka niliyokuwepo suala hilo lilizungumzwa sana na likafanyiwa kidogo.

Mwaka 2002 mtambo mpya ulifunguliwa kando ya ule wa zamani, wenye uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku, kwa mikopo ya Ulaya. Kampuni tatu za kigeni ziliunda WINGOC ili iuendeshe kwa mkataba wa miaka 20. Huo ulikuwa na mambo tuliyokuwa tukiyasoma vitabuni: ozoni mbele na katikati, kaboni kwa hatua tatu mfululizo, utando wenye vitundu vidogo kiasi cha kuzuia bakteria, kisha klorini. Hofu ya amonia usiku wa Julai ikapungua. Kiwango cha juu cha maji yake kwenye mchanganyiko wa mjini kikawekwa asilimia 35. Mtambo wa 1968 ukapewa kazi nyepesi ya kusafisha maji ya bustani. Tate hakuwapenda waajiri wapya, alisema wana karatasi nyingi, lakini alikubali kwamba kanuni ya kufunga waliiacha ilivyo.

Sisi tulirudi Tanzania mwaka 2003. Mwaka huohuo Singapore ilizindua NEWater, yaani majitaka yake yaliyosafishwa, na dunia ikaanza kuzungumza jambo hilo kana kwamba limezaliwa siku hiyo. Ukame mkubwa wa 2015 na 2016 ulipoikumba Windhoek nilikuwa nafuatilia kwa simu. Mabwawa yalikaribia kukauka, na Goreangab ikaendelea kutoa takriban robo ya maji ya mji. Majitaka hayana ukame mkali kama mawingu. Watu wakiwepo, yapo.

Dodoma ina mabwawa ya majitaka yaliyojengwa zamani huko Swaswa, tangu enzi za mwanzo za kuhamishia makao makuu. Ni teknolojia nzuri, wala tusiidharau kwa kuwa haina mashine. Bwawa la kwanza lenye kina huyeyusha tope, la pili hutumia mwani na jua, ya mwisho yenye kina kifupi huua vijidudu kwa muda na mwanga. Yakipewa siku zake na tope likiondolewa kwa wakati, maji yanayotoka yanaweza kukidhi kiwango cha umwagiliaji kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1989, yaani bakteria wa kinyesi wasiozidi 1,000 katika mililita 100, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Kwa zabibu zinazomwagiliwa kwa matone chini ya mzabibu hiyo inatosha kabisa. Kwa mchicha unaoliwa kesho yake, nataka kuona karatasi ya vipimo kwanza. Katika miji yetu mingi mchicha unamwagiliwa majitaka kabla hayajafika mwisho wa mabwawa, wakati mwingine kabla hayajaingia, na kila mtu anajua, kuanzia mkulima hadi mnunuzi. Hayo nayo ni matumizi ya majitaka. Tayari tunayarudia, tena bila dafnia.

Kwa hiyo sisi hatuko kwenye ozoni, na sioni haja ya kuifukuzia. Nyumba nyingi za Dodoma bado zina mashimo, na gari la kunyonya ndilo mtandao wao. Bwawa la Farkwa limezungumzwa kwa miaka, na maji ya Ziwa Victoria nayo, na Mungu akipenda vyote vitafika. Lakini maji ya mbali yakifika yatakuwa ya gharama, na kuyatumia mara moja na kuyaacha yapotee shimoni itakuwa hasara juu ya gharama.

Ninachowaomba wanaochora mitandao mipya, kutoka Mtumba hadi Nala, ni haya machache. Viwanda na karakana za Kizota zipewe bomba lao sasa hivi, kabla barabara hazijawekwa lami, maana kutenganisha majitaka yao baadaye ni kuvunja mji. Bustani za ofisi na miti ya barabarani ziwe na bomba la pili tangu siku ya kwanza. Mitaa ya pembeni iunganishwe mapema, isiachwe hadi fedha zibaki, kwa sababu fedha hazibaki. Matokeo ya vipimo vya mabwawa yabandikwe kila mwezi mahali ambapo mnunuzi wa mchicha anaweza kuyasoma. Na mtu wa zamu ya usiku apewe ruhusa ya kufunga valvu, kwa maandishi, yenye saini ya mkurugenzi.